Siku tano kwa gari la zimamoto lisilo na paa wala ufunguo

Jumanne. Elmira hadi Canton

Mzee, mwenye gari, alitaka tupite kwanza mbele ya kiwanda lilikoundwa. Nikamkumbusha kwamba kiwanda hakipo: American LaFrance, waundaji wa magari ya zimamoto, waliondoka Elmira, jimbo la New York, mwaka 1985 wakaelekea kusini, na kampuni yenyewe ikazikwa Januari 2014. "Mimi najua," akasema, "lakini gari halijui." Basi saa mbili asubuhi tukazunguka mtaa ule taratibu, yeye kwenye usukani, mimi pembeni, na kengele ikagongwa mara tatu kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Gari ni LaFrance ya toleo la 700, ya mwaka 1953. Ukiliona kwa mbali utadhani ni basi lililokatwa kichwa. Dereva anakaa mbele kabisa, magurudumu yako nyuma yake, na injini inamchemshia mgongo. Hili letu halina paa. Kuna kioo cha mbele, viti vya ngozi, halafu mbingu. Injini ni V12 ya petroli yenye plagi 24, mbili kwa kila silinda, na distributa mbili, vigawanyaji vya umeme wa plagi, kila moja na koili yake na nyaya zake. Ukizima upande mmoja, wa pili unaendelea. Kwa waliolibuni, gari kuzima njiani maana yake nyumba ya mtu imeteketea, kwa hiyo moto wa plagi ukawekwa mara mbili.

Ufunguo ndio hawakuuweka kabisa. Kengele ikilia saa tisa usiku, nani aanze kupapasa mifuko? Kuna swichi na kitufe cha stata, basi. Yeyote anayeweza kupanda anaweza kuondoka nalo. Ndiyo maana kila jioni kazi yangu ni kufungua vifuniko vya distributa, kutoa rota zote mbili, vidude visivyozidi kidole gumba ambavyo bila hivyo injini haiwaki, na kulala nazo.

Mjukuu wa mzee anaolewa Philadelphia Jumamosi, na ameomba apelekwe kanisani na gari hili. Ana haki nalo. Nilipokuwa naishi Elmira, kabla sijahamia Lancaster, tulilifanyia kazi majira mawili ya baridi kwenye banda la mzee, na binti huyo ndiye aliyekuwa akitushikia tochi huku meno yakimgongana kwa baridi. Mtu mwenye akili timamu angelipandisha kwenye trela likafika kwa nusu siku. Mzee hataki kusikia. Alikuwa zimamoto wa kujitolea kijijini kwao tangu ana miaka kumi na tisa, na hili ndilo gari alilojifunzia. Kijiji kiliponunua jipya, hili likauzwa, likapita mikono kadhaa, mpaka alipolikuta kwenye ghala la mkulima kuku wakitaga pale panapokunjwa mipira ya maji.

Mita inasoma chini ya maili 12,000, lakini usidanganyike ukadhani halikufanya kazi. Gari la zimamoto linakwenda maili mbili, linasimama, halafu linanguruma saa nne palepale. Kusafiri si fani yake. Nilimwambia mzee hivyo tangu mwanzo, akanijibu kwa neno la Kiswahili alilolipenda kuliko yote niliyomfundisha, kwa sababu ndilo nililokuwa nikimjibu kila alipouliza kama injini imekamilika: "Bado." Tulipomaliza kubandika jina la kijiji ubavuni kwa karatasi ya dhahabu, kikabaki kipande, naye akaandika BADO kwa herufi ndogo ndani ya mlango wa sanduku la spana. Ukifungua kutafuta spana namna gani vile, linakutazama.

Tulivuka kuingia Pennsylvania kwa barabara namba 14. Hadi Troy hakuna la kusimulia, watu wakipunga mikono, mbwa wakilia pamoja na king'ora. Baada ya Troy vilima vikaanza, jua likawa kali, gari likaanza kukohoa na hatimaye likazima kwenye mlima, nyuma yetu foleni ya magari saba.

Halikuwa limechemsha. Petroli ya siku hizi ina pombe ndani yake, na inageuka mvuke upesi kuliko ile iliyokuwapo gari hili lilipoundwa. Bomba la mafuta linapita karibu na injini. Likipata moto, petroli inakuwa mvuke humohumo, na pampu ya mafuta inabaki kusukuma upepo. Mzee akatoa chini ya kiti mfuko wa vibanio vya nguo, vya mti, akaanza kuvibana kwenye bomba kimoja baada ya kingine kama anaanika soksi. Wazee wa huku wanaapa kwamba mti unakunywa joto. Mimi nikalowesha kitambaa kwa maji ya kunywa nikalifunga bomba, kama tulivyokuwa tukifanya gereji kwetu Tanga. Baada ya dakika ishirini likawaka. Yeye anasema ni vibanio. Mimi naamini kitambaa, na dereva wa tano kwenye foleni, aliyekuwa ameshuka kupiga picha, alisema ni dakika ishirini tu.

Tumelala Canton. Rota ziko ndani ya kiatu changu.

Jumatano. Canton hadi Williamsport

Mvua. Gari halina paa, nimeshasema.

Barabara inafuata kijito cha Lycoming kikishuka kati ya milima, Roaring Branch, Ralston, Trout Run, misitu pande zote. Wanasema ni njia nzuri. Mimi niliona ncha ya kofia yangu ikidondosha maji. Mbele tuliikwepa barabara kuu tukashika ile ya zamani ya kando ya kijito. Mzee alinipa usukani. Gia za gari hili hazina sinkro, kile kinacholainisha kuingiza gia: unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia, unapiga resi kidogo, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Ukikosea linapiga kelele ambayo nchi nzima inajua umekosea. Nilikosea mara tatu. Mara ya nne liliingia kama kisu kwenye papai, na mzee, aliyekuwa amejifunika turubai, akagonga kengele.

Nilitaka tufike Williamsport kwa sababu yangu mwenyewe. Mji huu ulikuwa tajiri wa mbao, na sasa dunia inaujua kwa mashindano ya besiboli ya watoto, lakini kwa fundi ni mji wa Lycoming, wanaounda injini za ndege ndogo. Ukipanda ndege ya injini moja kwenda mbugani Tanzania, huenda ni ya kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Lycoming waliunda V12 kwa ajili ya magari ya kifahari ya Auburn. Auburn ikafa kwa hali mbaya ya uchumi, lakini injini haikufa: American LaFrance wakachukua muundo wake, wakaufanya wa kwao. Hii iliyo nyuma ya mgongo wangu ni kitukuu cha ile. Kwa hiyo tulipoingia mjini nililisimamisha kando, nikaacha injini iungurume polepole dakika mbili. Mzee hakuuliza kitu. Jana nami sikumuuliza kuhusu kiwanda.

Alhamisi. Williamsport hadi karibu na Harrisburg

Leo nitaandika kirefu.

Tulishuka na mto Susquehanna, Lewisburg, Selinsgrove, halafu barabara inaubana mto upande wa magharibi. Ni mto mpana ajabu na wenye maji machache. Mahali pengine unaona mawe yamekaa katikati kama viboko. Katika mji mmoja mdogo wazimamoto wa kujitolea walikuwa nje wanaosha gari lao. Tukapiga king'ora, wakaacha maji yakimwagika, wakaja mbio. Sehemu kubwa ya wazimamoto wa Marekani ni watu wa namna hii: fundi bomba, mwalimu, mwenye duka, wasiolipwa mshahara, simu ikiita wanaacha chakula mezani. Mkuu wao ni shabiki wa Mack, magari yaliyokuwa yakiundwa Allentown huku huku Pennsylvania. Yeye na mzee walitaniana kama watu wa Simba na Yanga. "Zuri kwa maonyesho," mkuu akasema, akipapasa dhahabu ya ubavuni. "Bado linatoa maji?"

Sijui kama alijua alichokianzisha.

Kuna mteremko wa kuingizia mashua. Tulilirudisha gari kinyumenyume mpaka magurudumu ya nyuma karibu yaguse maji. Ili kuchota mtoni unahitaji mpira mgumu, usioweza kubonyea, kwa sababu ndani yake patakuwa hakuna hewa. Tunasema pampu inavuta maji, lakini inachofanya ni kuitoa hewa tu. Maji yanasukumwa kupanda na uzito wa hewa iliyo juu ya mto. Kwa hesabu ya vitabu yanaweza kupanda kama mita 10, kwa kazi ya kweli ni sita au saba, na uwazi mdogo kama unywele kwenye kiungo unatosha kuharibu kila kitu. Ncha ya mpira tuliitumbukiza ndani ya kikapu cha plastiki, tukakifunga kamba, ili isikae kwenye tope.

Upande wa kutolea maji, mkuu alileta mpira wao. Haukuingia. Mzee akacheka, akafungua sanduku na kutoa kiungo cha shaba nyeupe kilichochubuka, nyuzi za kukazia, kama za skrubu, za aina moja ndani na za aina nyingine nje. Februari 1904 Baltimore iliwaka kwa zaidi ya siku nzima, majengo zaidi ya 1,500. Miji jirani ilituma wazimamoto, wengine kwa treni kutoka Washington na Philadelphia. Walifika na pampu zao na mipira yao, wakakuta nyuzi za viungo vyao hazilingani na za mabomba ya Baltimore. Wapo waliobaki kuzungushia turubai na kamba, maji yakivuja huku mtaa unaungua. Baada ya hapo nchi ikakubaliana kipimo kimoja, nyuzi saba na nusu kwa kila inchi kwa mpira wa inchi mbili na nusu, lakini kukubaliana na kubadilisha ni vitu viwili, na hadi leo kila gari linabeba sanduku la viungo vya kupatanisha. Mzee anavyo kumi na kimoja. Alivijua kwa kupapasa bila kutazama.

Akahamisha nguvu ya injini kutoka magurudumuni kwenda kwenye pampu, akasogea kwenye ubao wa mita ubavuni, akavuta kishikio cha kutolea hewa. Kelele kama ya ng'ombe mwenye kikohozi. Mshale wa mita ukarudi nyuma ya sifuri, ukatulia, ukatetemeka. Nikaweka kiganja juu ya mpira mgumu. Ulikuwa mkavu na wa moto kwa jua. Mara ukashtuka, mguso mmoja tu, kama mshipi uliodonolewa na samaki, na baridi ikapanda chini ya kiganja changu, ikapita kwenda juu. Mlio wa injini ukabadilika, ukawa mzito. Mzee akazungusha resi ya mkono na vijana wawili walioshika ncha wakarudi nyuma hatua moja, maji yakaenda katikati ya mto na upinde wa mvua ukatokea, jambo ambalo vijana walilipiga picha kuliko gari lenyewe.

Kibao cha pampu kinasema galoni 750 kwa dakika, kama lita 2,800. Tulilipa kazi saa nzima, jua la saa nane mchana, injini ikinguruma kwa nguvu bila kwenda popote. Gari lililonikwamia Jumanne kwenye kilima cha kawaida halikukohoa hata mara moja. Kuna bomba dogo linalochepusha maji kutoka kwenye pampu na kuyazungusha ili kupooza maji ya injini. Kadiri linavyopampu ndivyo linavyojipooza. Mkuu yule alisimama akiwa ameweka mikono kiunoni. Hakusema kitu kuhusu Mack tena.

Jioni, tukikausha mipira, mzee akanisimulia Juni 1972, kimbunga Agnes. Mto Chemung uliingia Elmira hadi watu wakaokolewa juu ya mapaa. Mto huu wa Susquehanna nao ukafunika mitaa ya Harrisburg. Maji yalipopungua, gari hili lilipelekwa mjini kunyonya maji kwenye vyumba vya chini ya nyumba. Siku sita, usiku na mchana, wakibadilishana zamu, injini ikizimwa tu kuongeza oili. Yeye alikuwa kijana, alilala juu ya mipira. "Siku sita," akasema, "na kwenye mita maili nne."

Ijumaa. Harrisburg hadi Lancaster

Harrisburg kuna makumbusho ya zimamoto ya Pennsylvania, ndani ya kituo kilichojengwa mwaka 1899, enzi za farasi. Pazuri, nendeni. Mimi nilibaki nje kwa sababu nilisikia harufu ya petroli.

Tangi lilikuwa linavuja kwenye maungio, tone baada ya tone. Tangi la petroli halichomelewi barabarani, na duka la karibu lilikuwa na gundi inayotaka saa 24. Nikamwomba mzee sabuni. Akanipa ya maji, ya kunawia mikono. Nikamwambia sabuni, mzee, sabuni kipande. Alitoka akarudi na kipande cha sabuni ya kuogea chenye harufu ya waridi. Ingekuwa ya mche ningefurahi zaidi, lakini kazi ni ileile: unaisugua mahali panapovuja mpaka inajaza ufa, unaikandamiza kwa kidole. Petroli haiyeyushi sabuni. Dereva yeyote wa lori la Tanga kwenda Lushoto analijua hilo. Mzee alilala chini ya gari akaangalia dakika tano nzima bila tone kuanguka. "Vibanio vyangu ulivicheka," akasema.

Njia ya zamani, namba 230, ikatupitisha Middletown, minara ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island ikionekana, kile kilichopata ajali mwaka 1979. Saa kumi tukaingia mtaani kwangu Lancaster.

Mji huu umepokea wakimbizi wengi, na Wakongomani ni wengi kiasi kwamba Kiswahili kinasikika dukani. Watoto walitokea kila mlango. "Papa! Papa! Ile camion ya bapompier ni yako?" Kwetu ningesalimiwa shikamoo kwanza, kwao unaitwa papa, na hiyo ni heshima tosha. Nikawaambia ni gari la zimamoto. Wakacheka: moto unazimwa, sawa, lakini mtu mwenyewe ni pompier. Wakabishana na mimi mpaka mzee alipowapandisha wote na kuwazungusha mtaa. Bibi mmoja kutoka Uvira aliketi kwenye kiti cha nyuma kinachotazama kinyume, kitenge chake kikipepea, hakutabasamu hata kidogo, na tuliporudi alikataa kushuka mpaka apewe mzunguko wa pili.

Mke wangu alipika pilau. Mzee alikula sahani tatu, akauliza kama kuna zaidi. Nilijibu kwa neno lake.

Jumamosi. Lancaster hadi Philadelphia

Tulitoka kabla ya mapambazuko kupitia Bird-in-Hand. Ni nchi ya Waamish, Wakristo wa dhehebu lisilomiliki magari, na alfajiri barabara ni ya vigari vya farasi. Mzee alikaa nyuma ya kimoja maili mbili nzima bila kugusa kengele, ili farasi asishtuke. Waamish hawaendeshi, lakini wengi ni wazimamoto wa kujitolea. Mwenzake anayemiliki leseni anashika usukani, yeye anapanda nyuma na kofia yake ya chuma, anazima moto kama wengine. Mwenye kile kigari alipotupisha alilitazama gari kuanzia mbele hadi nyuma, akaonyesha kidole kwenye pampu, akatikisa kichwa kukubali. Dhahabu hakuiangalia.

Kisha Lincoln Highway, Paoli, Ardmore, taa za barabarani moja baada ya nyingine, klachi mara mbili, klachi mara mbili, mguu wangu wa kushoto haukuwa wangu tena. Saa tano na nusu tukaingia mji ambao Benjamin Franklin na wenzake walianzisha kikundi cha kuzima moto mwaka 1736, kila mwanachama na ndoo zake za ngozi.

Harusi siwezi kuisimulia vizuri, nilikuwa nimelala vibaya. Bibi harusi alipanda kwa ngazi ya nyuma, shela limekunjwa mkononi, akagonga kengele mwenyewe mpaka kanisani. Alipoteremka kulikuwa na alama ya grisi kwenye gauni, upana wa vidole vinne. Mama yake alishika kichwa. Yeye aliitazama, akamwonyesha babu yake, wote wawili wakacheka. Nje ya ukumbi kijana wa maegesho akaniomba ufunguo. Nikamweleza. Hakuniamini, akapanda kuutafuta.

Mimi sikukaa hadi usiku, nikachukua treni ya kurudi Lancaster. Tulipopita Paoli niliingiza mkono kwenye koti kutafuta tiketi, nikagusa kitu kidogo cha mviringo chenye ncha ya shaba. Rota. Moja tu, ya pili niliikabidhi kwa mzee mezani, na kwa usingizi nikadhani nimempa zote. Nikapiga simu, muziki ulikuwa juu.

"Mzee, nimeondoka na rota yako."

"Ipi?"

"Ya kulia."

Akafikiri kidogo. "Nitarudi na plagi 12 basi. Kumi na mbili zinatosha."

"Utarudi lini?"

Nikamsikia akicheka kabla hajalisema.